Marehemu Yuko Jikoni

Simu iliita Jumatano asubuhi, Shangazi Sihaba akiwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Aliibana kati ya sikio na bega, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini. Aliyepiga alijitambulisha kwa adabu zote: anaitwa Mwinshehe, ni mwenyekiti wa kitongoji kimoja huko Mapinga, na anaomba radhi kwa usumbufu, ila anatafuta ndugu wa marehemu Wahida binti Shamsudin. Kaburi la marehemu limeangukia ndani ya kiwanja kilichouzwa, mnunuzi anataka kujenga, na kaburi halihamishwi bila ndugu kuwepo.

Shangazi Sihaba si mtu wa kukosa la kusema. Pale Dunda, mjini Bagamoyo, wanaomdai wanamjua, na anaowadai wanamjua zaidi. Lakini hapo aliweka kwanza nazi chini, akaishika simu kwa mkono. Kisha akamwambia taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Marehemu yuko jikoni. Anachoma vitumbua. Nikuitie?"

Wahida aliyasikia yote, kwa sababu jiko lao la uani halina mlango. Habari ya kwamba amekufa haikumshtua, hiyo alikuwa nayo mwaka wa sita sasa. Kilichomshtua ni kusikia kwamba kaburi lipo kweli, lina mahali pake, lina kibao chenye jina lake, na mtu mzima wa serikali amesimama juu yake akakisoma. Siku zote alijipa moyo kwamba labda kaburi lilikuwa uvumi tu wa watu. Kitumbua kikaungua mpaka kikawa mkaa, naye anakitazama tu.

Sasa ngoja nieleze, maana kila ninayemsimulia kisa hiki hunitolea macho akidhani namtania.

Baba yake Wahida, Shamsudin, alikuwa dereva wa lori. Alifia barabarani karibu na Chalinze, Wahida akiwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake, Mwanabaraka, alikuwa mwanamke wa kucheka. Akicheka uani kwake, watu wa nyumba ya tatu walitabasamu bila kujua kwa nini. Baada ya msiba huo kicheko kikaisha, na uamuzi nao ukaisha. Alikuwa anaweza kusimama mbele ya jiko na mchele mkono huu, unga mkono huu, mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, hajui apike kipi. Watu walimliwaza, si haba, lakini arobaini ilipokwisha walikunja majamvi wakarudi kwenye shughuli zao. Ndivyo tulivyo, tusidanganyane.

Waliobaki ni watu wa Msabaha. Walikuja na chakula kimeshapikwa, wakafagia, wakafua, wakakaa naye kimya bila kumsumbua kwa pole. Na hapo ndipo ninapowachukia kupita kiasi, kwa sababu walikuja na wema, na wema wao ulikuwa wa kweli siku ile.

Walijiita Watulizwa, na kundi lao wakiliita Jamaa. Walikuwa na shamba ndani ndani huko Mapinga, limezungushiwa mabati, na Msabaha wakimwita Mlezi. Mafundisho yake yalikuwa mafupi: moyo wa binadamu unaumwa kwa sababu ya kuchagua, na swali ni homa ya moyo. Mkabidhi Mlezi kuchagua kwako, nawe utatulizwa. Masheikh wa mjini walipouliza haya yametoka kitabu gani, akawajibu kwamba wao ndio wagonjwa wenyewe. Mwanabaraka alihamia huko na binti yake mwezi wa tatu baada ya msiba. Na kusema haki ya Mungu, alitulia. Hakusimama tena mbele ya jiko akitetemeka, kwa kuwa aliambiwa leo ni mchele.

Wahida alikuwa kidato cha pili, wa kwanza darasani kwa hesabu. Wakamtoa shule, eti shule ni nyumba ya maswali. Akauliza kwa nini. Kwa kosa la kuuliza akakalishwa wiki tatu bila mtu yeyote kumsemesha, mama yake akiwa mmoja wao, analala naye chumba kimoja na kumpita kama anayepita nguzo. Baada ya hapo hakuuliza tena. Aliishi hivyo akakua, akawa msichana wa miaka kumi na tisa ambaye ukimuuliza jina lake hutazama pembeni kwanza kuona kama kuna wa kumjibia.

Siku aliyotoka hata yeye hakuipanga. Walitumwa wanawake watatu kuuza mchicha barabarani. Gari la Bagamoyo likasimama, konda akafungua mlango, na miguu ya Wahida ikapanda. Alifika Dunda kwa dada wa baba yake na fungu la mchicha mapajani. Shangazi Sihaba akaupokea ule mchicha, akaupika, wakala. Hakumuuliza kitu mpaka siku ya nne, Mungu amlipe.

Wiki ya pili, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu ya Shangazi kutoka namba wasiyoijua. Kwanza yalisikika maji yakimwagwa kwa kata, na sauti ya Mwanabaraka ikihesabu pole pole, moja, mbili, tatu, kama wanavyohesabu waosha maiti. Kisha kitambaa kikichanwa. Kisha majembe. Halafu Mlezi akasoma talqini.

Pwani yetu maiti akishafukiwa husomewa talqini, hukumbushwa kwa jina lake na la mama yake majibu ya kuwapa malaika watakapokuja kumuuliza. Ni jambo la huruma, mtu anasindikizwa hata pale asipoweza kusindikizwa. Ila Msabaha alikuwa ameigeuza. Yeye alisema, "Ewe Wahida binti Mwanabaraka, ukiulizwa lolote, nyamaza. Mlezi wako atakujibia."

Mgomba ndio waliouzika. Walikata mgomba wenye urefu wa Wahida, wakauosha, wakauvisha sanda, wakaufukia. Hilo lilikuja kujulikana baadaye kwa watu wa Mapinga, na lilipofika Dunda likaleta mengine, kwani huku kwetu aliyezikiwa mgomba watu humwita msukule, mfu anayetembea. Wapo wateja waliokuwa wakilipia vitumbua huku wakimgusa kiganja kusudi, kuona kama kina joto. Imamu wa mtaani alikasirika mpaka kilemba kikamlegea, akasema kumzikia mtu hai ni uzushi na ni haramu, na kwamba binti huyu asijali, yu hai mbele ya Mungu na mbele ya watu. Wahida aliitikia, akashukuru. Lakini maneno ya imamu yaliishia masikioni. Yale ya Mlezi yalishuka yakakaa.

Aliamua kurudi kwenye masomo. Akajiandikisha mtihani wa Maarifa, ule wa walioachia shule njiani, apate njia ya kidato cha nne na mwishowe asomee uuguzi. Mwalimu wa masomo ya jioni alisema hajapata mwanafunzi kama yeye. Mwaka wa kwanza aliingia chumba cha mtihani, akageuza karatasi, akasoma swali la kwanza, na ile sauti ya Mlezi ikamjia sikioni kama mtu amemwinamia: ukiulizwa lolote, nyamaza. Mkono ukafa ganzi. Alitoka na karatasi tupu. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo, na jibu analijua, wallahi analijua, lipo kwenye ncha ya kalamu. Mwaka huu alikuwa amejiandikisha kwa mara ya tatu, na mtihani ulikuwa wiki tano mbele simu ya Mwinshehe ilipoingia.

"Usiende," Shangazi alimwambia. "Waache wahamishe mgomba wao."

Wahida akasema atakwenda. Kaburi si hoja. Alijua kwamba kama ndugu wanatakiwa, mama yake atakuwepo, na kwa miaka sita hakutaka kitu kingine duniani ila mama yake amtazame aseme, naam, huyu ni mwanangu na yu hai. Alijiaminisha kwamba hilo likisemwa na kinywa kile kile kilichohesabu maji, sauti itamwachia.

Jumamosi walifunga biashara wakaenda wote wawili. Kiwanja kilikuwa kimeshafyekwa na vigingi vyenye utepe mwekundu vimepigwa pembeni. Bwana afya kutoka wilayani alikuwepo na karatasi zake na vijana wawili wenye glovu, mwenyekiti Mwinshehe alikuwepo na mwavuli, na Watulizwa walikuwepo, wanaume mbele, wanawake nyuma, kama watu thelathini. Walikuwa na kanzu safi na nyuso laini. Mtu asiyewajua angetamani kuwa mmoja wao.

Mwanabaraka alisimama wa mwisho upande wa wanawake. Alikuwa amekonda, na kanga yake imefungwa barabara. Wahida alikwenda mpaka mbele yake akainama.

"Shikamoo, mama."

Hakujibiwa. Sisi tuliolelewa na shikamoo tunajua, hata adui yako huitikia kwanza kisha ndio mkagombane. Mwanabaraka alitazama mbele, kupitia bega la mwanawe, kwenye vigingi. Wanawake waliomzunguka nao walitazama huko huko. Wahida alibaki ameinama kidogo, hajui ainuke au la. Shangazi ndiye aliyemshika mkono akamrudisha, huku akitukana chini chini matusi ambayo sitayaandika.

Vijana wakachimba. Kibao kilikuwa kimeandikwa vizuri, kwa rangi ya kijani, na mchanga umepaliwa hauna jani hata moja. Ilionekana kuna mtu anayelitunza kaburi kila wiki. Hawakufika mbali, wakakuta vipande vya sanda vilivyogeuka rangi ya udongo, na ndani yake nyuzinyuzi zilizokauka. Bwana afya akazigeuza kwa koleo, akapiga magoti, akanusa. Akainuka akijipangusa, akasema mbele ya wote kwamba hapa hakuzikwa mtu.

Mlezi hakutaharuki. Alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya chini inayovuta mwisho wa neno, na ukiisikia unajikuta umesogea ili uisikie vizuri. Alieleza kwamba kilichozikwa ni nafsi, na nafsi haina mifupa, na kwamba Jamaa inaomba kuihamishia shamba lao jipya na kuisomea upya. Hakumtazama Wahida hata mara moja. Bwana afya alimsikiliza, akamtazama Mwinshehe, Mwinshehe akatazama mwavuli wake.

Ikawa mabishano. Bwana afya alisema karatasi yake ina sehemu mbili tu: ama ndugu asaini kwamba masalia yamehamishwa, ama asaini kwamba hapakuwa na masalia na kaburi lifutwe. Wanaume wakamzonga. Katika rabsha hiyo Wahida akasikia mtu nyuma ya sikio lake akiongea bila kufungua midomo, kama wanavyoongea wanawake wa kule wakitaka wasionekane.

"Usigeuke," mama yake alisema. "Saini kwamba umehamishwa."

Wahida hakugeuka.

"Mimi ndiye niliyeomba wakuzike," Mwanabaraka aliendelea. "Waliotoka kabla yako walifuatwa wakarudishwa. Esha alirudishwa na kaka yake, ukaona alivyokuwa. Maiti hafuatwi. Nikamwendea Mlezi nikasema, mwanangu kafa, nipeni nimwoshe. Nilijua ni mgomba. Kila nikimwaga maji nilijua."

Jamani. Miaka sita msichana anakufa kila asubuhi kwa kifo ambacho mama yake alikiomba ili aishi. Na ile rekodi? Wahida aliuliza hivyo hivyo, bila kugeuka. Mama akasema alimwomba Mlezi itumwe, ili binti ajue hatafutwi tena.

"Basi twende nyumbani," Wahida alisema. "Leo. Shangazi yupo."

Mwanabaraka akasema, "Ukisaini kwamba hakuna mtu humo, utakuwa hujafa. Utakuwa umetoroka. Nitatumwa nikuchukue. Na mimi nikitumwa huenda, Wahida."

"Utakuja kwangu?"

"Nitakuja kukuchukua."

Wahida akatoka pale akampita Mlezi, akaichukua kalamu ya bwana afya. Panapoandikwa uhusiano na marehemu akaandika, mwenyewe. Akasaini kwamba hapakuwa na mtu. Watulizwa wakageuka wote kwa pamoja kumtazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita macho yao yalimwona. Hapo ndipo alipoogopa.

Mama yake alikuja Jumapili iliyofuata, saa nne kamili.

Alisimama barazani, viatu miguuni, akasema maneno aliyopewa kama mtoto anayesoma ubao. Jamaa inakungoja. Homa yako inatibika. Mlezi amekusamehe. Wahida alimwacha amalize, kisha akamwekea kiti na kikombe cha chai. Mwanabaraka alikitazama kikombe mpaka Wahida aliposema kunywa, mama. Akanywa. Akayarudia maneno mara ya pili, akaondoka. Shangazi Sihaba alikuwa dirishani ameshika mchi, na aliushika mpaka mgeni alipopotea kwenye kona.

Jumapili ya pili vile vile, na ya tatu. Shangazi alisema huyu si mama yako, huyu ni barua. Wahida akajibu kwamba hata barua ina mwandiko wa mtu. Alikuwa anahesabu vitu vidogo. Jumapili ya pili mama alikunywa chai mpaka mwisho. Ya tatu aliligusa daftari la hesabu lililokuwa mezani, akaligeuza ukurasa mmoja, akalifunga. Wahida alilala na hilo wiki nzima kama mtu aliyepewa zawadi. Na niseme ukweli, wiki hiyo alipokuwa akifanya mazoezi ya mtihani, sikio lilikuwa kimya. Alianza kuamini kwamba Jumatatu ya mtihani ataingia na kutoka kama watu wengine.

Jumapili ya nne ilikuwa mkesha wa mtihani. Mama alifika saa nne, akasema maneno yake, akanywa chai, na mvua ya vuli ikashuka. Ilinyesha mpaka barabara ikafungwa huko mbele, na kufika jioni hakukuwa na gari lolote la kwenda upande wa Mapinga. Wahida akatandika kitanda chake mwenyewe akamwambia mama yake lala hapa, yeye akalala chini kwenye mkeka. Alisikiliza pumzi za mama yake gizani na akalia kwa furaha, nayo ilikuwa furaha ya kweli, asije mtu akasema hakuwahi kuipata.

Alipoamka alfajiri, mvua imekatika na adhana imeshapita. Shangazi alikuwa ameshatoka na sufuria ya vitumbua, siku ya Jumatatu huuza mpaka adhuhuri. Mwanabaraka alikuwa amekaa kitandani, miguu juu, kanga imefungwa barabara, mikono magotini. Kwa namna shuka lilivyonyooka, ilikuwa wazi amekaa hivyo muda mrefu.

Wahida akamsabahi, akamuuliza mbona hajatoka. Mama akamwangalia kama anayeona haya.

"Sijaambiwa nishuke."

Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba kule kwao mtu hashuki kitandani mpaka mke wa Mlezi apite mlangoni aseme. Amekuwa macho tangu usiku. Amebanwa haja. Swala ya alfajiri imempita. Yote hayo aliyasema bila kulalamika, kama anayetoa taarifa ya mtu mwingine.

"Hapa hakuna wa kukwambia, mama," Wahida alisema, akacheka kidogo ili liwe jepesi. "Shuka tu unapotaka."

Mwanabaraka akatazama sakafu. Akashusha kidole cha mguu mpaka kikakaribia saruji, akakirudisha. Wahida akakaa kando yake, akamshika mkono, akamweleza. Akamweleza kwamba huku watu huamka wakashuka, na wakikosea hakuna kinachotokea. Akamwambia chagua, mama, kitu kimoja tu, kushuka au kukaa, chochote utakachochagua ni sawa. Akambembeleza kama anavyobembelezwa mtoto anayejifunza kusimama. Saa ikawa kumi na mbili na nusu. Mtihani ulianza saa mbili, na shule si karibu. Mama alikuwa anatetemeka miguu yote miwili kwa kubanwa, na machozi yanamtoka.

"Unanitesa, mwanangu," alisema. "Sema tu."

Wahida alikataa. Mara ya kwanza alikataa, na mara ya pili. Saa ikawa moja kasorobo. Ndipo akasikia neno likitoka kinywani mwake, si kwa kelele, kwa sauti ya chini inayovuta mwisho.

"Shuka."

Mwanabaraka akashuka hapo hapo, akaenda chooni karibu mbio. Aliporudi, uso ulikuwa umefunguka. Makunyanzi ya paji la uso yamelala, macho yametulia, na kwa mbali, kwa mbali sana, palikuwa na kitu kama kile kicheko cha zamani. Wahida hakuwahi kumwona hivyo tangu baba yake afe. Mama akasimama mbele yake, mikono imeshikana, akauliza afanye nini mpaka binti yake atakaporudi.

Angeweza kumwambia fanya upendavyo. Muda haukuwepo, na aliuona uso ule ukianza kukunjamana tena kwa kungojea, na hakuweza kuustahimili. Akamwambia. Tawadha. Ulipe swala iliyokupita. Kunywa chai iliyo kwenye chupa. Kisha kaa kwenye mkeka, usitoke nje, mpaka nirudi. Aliyasema moja baada ya jingine bila kukwama, na kila neno lilipomtoka mama yake aliitikia kwa kichwa, akizidi kupendeza.

"Hewala," alisema Mwanabaraka alipomaliza, na akainama, kama wanavyomwinamia Mlezi.

Wahida alichukua kalamu zake akatoka. Kwa bodaboda alifika dakika tano kabla ya mlango kufungwa. Alikaa, karatasi zikagawiwa, msimamizi akasema anzeni. Akageuza, akasoma swali la kwanza, akangoja sikio lake. Sauti ya Msabaha haikuja. Aliyoisikia ni ya kwake mwenyewe, tulivu, inasema kaa hapo mpaka nirudi, na hapo akakumbuka kwamba hakumwambia mama yake ale, wala aende tena chooni, wala ainuke.

Msimamizi alipita karibu, akasimama kidogo kumtazama, kwa kuwa alikuwa ameweka mkono mdomoni. Wahida akautoa. Jibu la swali la kwanza alikuwa analijua, na la pili pia. Aliandika mpaka saa tano, akajibu yote, na huko Dunda mama yake alikuwa bado amekaa pale pale kwenye mkeka.